Nimeshukia Ukweni kwa Mlango wa Buti

Jamani, leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa suti.

Wahenga walisema aliyevuliwa nguo huchutama. Basi nimechutama hapa kwenye ngazi ya nyumba yangu, Mkuyuni, suruali inanuka sato, nawaandikia nyie kabla binamu yangu Masanja hajawaandikia. Yule ataongeza chumvi. Mimi nawapa bila chumvi, na mtaona kwamba haikuhitajika.

Mnajua nina Noah. (Kama hujui, basi wewe si rafiki yangu, maana Kabula analalamika kwamba naisifia gari kuliko ninavyomsifia yeye.) Na mnajua leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwao Kabula, Misungwi, kupeleka posa. Msichokijua ni swali la baba yake. Mzee yule hakuuliza kabila langu. Hakuuliza kazi. Alimuuliza binti yake jambo moja tu: "Huyo kijana anajua kutunza kitu?"

Kabula akamjibu, "Baba, we subiri uione gari yake."

Mnaona hapo? Posa yangu yote ikapakiwa kwenye Noah.

Sasa jana jioni kioo cha mlango wa pembeni kikavunjika. Ningependa kuwaambia kuna mtu alirusha jiwe. Hapana. Nilikuwa namhamishia shangazi yangu kitanda cha chuma. Nikakisukuma ndani, nikaushika mlango, nikaubamiza kiume. Kitanda kilikuwa hakijaingia chote. Kioo kikamwagika barabarani punje punje, kama chumvi ya mawe. Shangazi akainama, akakikagua, akasema, "Kitanda kimepona." Wabeja sana, shangazi, asante kwa kunifariji.

Nikafikiria kufunga nailoni. Wengi tunafunga nailoni na maisha yanaendelea. Lakini nikajiona naingia kwa mzee wa "anajua kutunza kitu" huku nailoni inapiga pwata pwata mlangoni. Usingizi ukakata.

Alfajiri nikawa kwa fundi Rama. Alikuwa bado anapiga mswaki. Nikamweleza kila kitu, mpaka majina ya wakwe. Akatema povu, akaenda nyuma ya gereji, akarudi na kioo cha mtumba kilichotoka kwenye Noah nyingine iliyokwisha kufa. Kina stika ya Kijapani pembeni, sijui inasema nini. (Labda inasema "usimpe Shija".) Akasafisha fremu, akapaka gundi nyeusi pande zote, akabandika kioo, akakikaza kwa selotepu za karatasi juu mpaka chini. Kikakaa! Nilitaka kumbusu.

"Mlango huu usiguswe mpaka kesho," akasema.

"Fundi, naenda ukweni leo."

"Wewe nenda. Mlango ndio hauendi. Usifunguliwe, usitikiswe, selotepu zisitolewe. Milango mingine mfunge taratibu, na dirisha moja liwe wazi, hewa isikisukume kioo."

Nikasema sawa. Ni kitu gani kigumu hapo? Watu wazima tunashindwaje kutofungua mlango?

Saa tatu tukaanza kupanda. Wote kwa mlango wa mbele, unapita katikati ya viti vya mbele, unaingia nyuma. Mimi nikapita. Kisha shangazi. Nyie mnamfahamu shangazi yangu. Ni mtu mwenye nafasi yake duniani. Alifika katikati ya viti akakwama. Masanja, dereva wetu, akasukuma. Akakwama zaidi. Alipotokea upande wa pili kilemba kilikuwa kimebaki kwenye gia.

"Sikilizeni," akasema akihema. "Njia hii nimepita mara ya kwanza na ya mwisho."

Baba mkubwa, ambaye ndiye mshenga wetu, akakaa mbele na fimbo yake. Mimi nikawekwa kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu eti mwoaji hajitangulizi. Nyuma yangu, ndani ya buti, kulikuwa na zawadi: ndoo ya sato wakubwa kwenye barafu, wametoka ziwani usiku huohuo.

Njia nzima shangazi ananifunda. "Mama mkwe hatazamwi usoni. Umenisikia? Hupewi mkono wake. Ukimwona anakuja huku, wewe geukia kule. Ukimtazama tu, watasema kwetu hatukukufundisha."

"Nimesikia, shangazi."

"Rudia."

Nikarudia. Nimerudia kuanzia Nyegezi mpaka Usagara.

Tulipokaribia Misungwi, baba mkubwa akamwambia Masanja asimamishe gari. Akashuka, akaizunguka, akasimama mbele ya ule mlango. "Hii gari imefungwa bandeji," akasema. "Tunaenda kuposa au tunaenda kulazwa?"

Akaanza kubandua selotepu.

"Baba mkubwa, fundi kasema..."

"Fundi ndiye anayeoa?"

Akazibandua zote. Kisha akatoa amri: ukweni mtu asitaje kioo. Neno la kwanza ukweni haliwezi kuwa kwamba gari ni mbovu. Atasema yeye, na atasema akishakaribishwa na mwenye nyumba. Kabla ya hapo, kimya. Na kweli, lazima nikiri, bila zile selotepu Noah ilipendeza. Nikajisikia mwanaume wa maana.

Tukaingia uani. Vigelegele! Wamama wamejipanga, kanga zimetandikwa chini kuanzia mlango wa nyumba mpaka... mnajua mpaka wapi. Mpaka mlango wa pembeni wa Noah. Mama mmoja wa makamo mwenye kitenge cha njano, ambaye ni shangazi wa Kabula, akaja akicheza, akaushika mkono wa mlango kutufungulia kwa heshima.

"Uwiii!" akasema shangazi yangu, akaurukia mlango kwa ndani.

Yule anavuta. Huyu anavuta. Wimbo ukaanza kupungua kasi.

"Masanja, weka loki!" nikanong'ona.

Kaa! Loki zote zikajifunga.

Wimbo ukakatika. Uani kote walisikia. Wageni wa posa wamefika ukweni na wamejifungia.

"Wamekasirika," mmoja akasema nje.

"Labda hatukuimba vizuri."

Wakaimba upya, kwa nguvu zaidi. Sisi tumekaa tu. Baba mkubwa anatazama mbele kama picha ya kwenye kitambulisho. Wakaleta maji kwenye jagi. Tumekaa tu. Nikasikia mtu anauliza kama tumemwona mbuzi tukamdharau. Mara kijana akaja anamkokota mbuzi mwingine, mkubwa zaidi, akamsimamisha mbele ya kioo cha dereva. Baba mkubwa akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama baba mkubwa. Baba mkubwa akameza mate. Basi wakamwondoa, wakaenda kutafuta mkubwa kuliko yule.

"Baba mkubwa, waambie," nikamsihi.

"Mwenye nyumba hajanikaribisha."

Simu yangu ikatetemeka. Kabula, yuko ndani kwa sababu mposwa haonekani uani: "Shija, baba anauliza mmekuja kuposa au mmekuja kugoma?"

Nampenda yule binti, jamani. Siwezi kumkosa kwa sababu ya kioo cha mtumba. Nikaamua kwenda kumweleza mzee mwenyewe, amri au si amri. Lakini mbele yangu kuna shangazi, na shangazi ameapa hasogei. Njia iliyobaki ni moja.

"Masanja, shuka polepole. Zunguka, nifungulie buti."

Akafungua. Nikaruka mgongo wa kiti, nikaanza kushuka kinyumenyume, makalio mbele, mguu unatafuta ardhi. Ardhi haipo. Badala yake mguu ukaipata ndoo. Ndoo ikalala. Maji ya barafu yakapita kwenye suruali yangu ya suti, na sato wakatoka mmoja mmoja kama watoto wa shule wakitoka darasani.

"Yesu wangu!" sauti ya kike ikasema nyuma yangu, karibu kabisa.

Nikatazama chini ya kwapa langu. Nikaona miguu miwili, ndala mpya, kanga, na sato mmoja juu ya ndala. Masanja akanong'ona, "Mama mkwe."

Sasa sikilizeni mkosi wangu. Yule mama alikuwa anafuata mila. Alitaka kuwaona wageni bila kukutana na mkwe ana kwa ana, akafikiri vizuri, akaenda kusimama nyuma ya gari. Sehemu pekee ambayo mkwe hawezi kutokea!

Na mimi nina mafunzo ya shangazi kuanzia Nyegezi mpaka Usagara. Nikigeuka, namtazama usoni. Siruhusiwi. Basi mnajua nilifanya nini? Nikaanza kurudi ndani ya buti.

"Toka!" Masanja ananivuta mkanda.

"Siwezi! Yupo!"

"Toka, wanakuja wanaume!"

Nikasikia viatu vizito. Vikasimama. Sauti nzito ikauliza, "Huyu ndiye?"

"Ndiye, mzee," akajibu Masanja. (Angeweza kusema mimi ni utingo. Hakusema.)

"Shikamoo, baba," nikasema ndani ya buti.

"Marahaba," akajibu mzee, akiiambia sehemu aliyokuwa anaiona.

Mila tuliitunza, hilo mnipe. Mama mkwe hakuuona uso wangu kabisa.

Ndipo mwenye nyumba alipotamka neno "karibuni", na baba mkubwa akafungua mlango wake, akashuka na fimbo, akaeleza habari ya kioo kwa Kiswahili cha mkutano wa hadhara. Wamama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Shangazi naye akatolewa kwa buti, kwa wimbo, huku yule wa kitenge cha njano akimvuta mikono. Walicheka wote isipokuwa mmoja. Baba yake Kabula hakucheka.

Tulikula. (Yule mbuzi wa pili. Baba mkubwa alimtambua.) Tukazungumza. Mwishoni mzee akanigeukia.

"Hicho kioo alikivunja nani?"

"Mimi, baba. Nilifunga mlango kitanda hakijaingia."

"Mtu anayetunza kitu," akasema taratibu, "huangalia kwanza, ndipo hufunga."

Nikatazama sakafu. Akamwambia baba mkubwa, "Tumewasikia. Jibu tutalituma."

Jibu tutalituma! Mnajua majibu yanayotumwa. Kuna watu wanayasubiri mpaka leo, na binti ana watoto kwingine. Tukatoka nje. Kabula alichungulia dirishani, nikashindwa hata kumpungia.

Tukapanda kwa njia zetu. Shangazi alirudishwa kwa buti, akaketi kando ya ule mlango. Mzee akatusindikiza mpaka kwenye gari, kwa adabu zote, uso umekunjwa. Masanja akawasha. Na mzee, kama mtu yeyote anayeaga gari, akaipiga bodi kwa kiganja. Pa! Pa! "Haya, nendeni salama!"

Aliupiga ule mlango.

Kioo kikashuka. Hakikuharakisha. Kiliteleza kwenye gundi yake kikatoka nje kizimakizima, kikamwangukia mzee kifuani. Akakikumbatia kwa mikono miwili. Gundi nyeusi shati zima. Akabaki amesimama na kioo changu mikononi, yeye na shangazi wakitazamana kupitia tundu, pua kwa pua.

"Ah!" mzee akanipazia sauti mimi huku nyuma. "Nisamehe, mkwe wangu!"

Baba mkubwa akageuka mpaka kiti kikalia. "Kasemaje?"

"Kasema mkwe!" shangazi akapiga kelele. "Mbele za watu! Kasema mkwe wangu!" Akampigia mzee kigelegele palepale usoni. Na kabla hajavuta pumzi, kingine kikamjibu kutoka nyuma ya nyumba. Huko nyuma kulikuwa na mtu mmoja tu, na miguu yake naifahamu.

Mzee akatutazama. Akakitazama kioo alichokikumbatia. Neno limeshatoka, na neno la mzee halirudi mdomoni. Bega lake likaanza kutikisika. Kisha lingine. Jamani, alicheka mpaka wakaja kumpokea kioo kisianguke.

"Basi," akasema akifuta macho kwa mkono wenye gundi. "Leteni nailoni."

Akaifunga mwenyewe, kona zote nne. Nami nimerudi kutoka Misungwi mpaka Mkuyuni, shangazi kapakata kioo, nailoni inapiga pwata pwata njia nzima, na sijawahi kusikia ngoma tamu kama ile.

Kioo kipo hapa, kimeegemea ukuta, hakina hata ufa. Sasa hivi Kabula kanitumia ujumbe: "Baba anauliza, kioo cha mkwe wake kimefika salama?"

Cha mkwe wake! Someni tena hapo.

Naombeni msicheke. Atakayeshindwa kabisa, acheke taratibu na asipige meza. Gundi bado haijakauka.