Genge la Kupanda Ukuta

Bahati ilimkuta Shemeji akiwa hana suruali. Alikuwa ameketi nyuma ya pazia la fundi cherehani, mapaja wazi, akisubiri suruali yake ya pekee ya suti itiwe kiraka mahali ambapo mtu wa hadhi hapaswi kuwa na kiraka. Mjini walimwita Shemeji kwa sababu yeye alimwita hivyo kila mwanamke, ingawa hakuna mwenye akili zake aliyewahi kumwoza dada.

"Jana nimepanda ukuta," fundi alikuwa akimwambia rafiki yake, mwalimu mstaafu. "Kimebaki kiganja kimoja nilifikie sanduku."

"Usilazimishe. Sista alisema polepole."

"Na sasa nitapanda wapi? Ukuta wetu wameuzibia makabati."

Shemeji akasahau baridi ya mapajani. Ukuta, sanduku, na mkubwa wao anaitwa Sista. Kumbe akina mama hawa, na heshima zao zote, ni genge la wezi.

Wewe uliyevaa nguo zako zote huna sababu ya kupotea pamoja naye. Wanawake hawa waliugua saratani ya matiti, wakapasuliwa, wakapona. Bega la upande uliopasuliwa hukakamaa lisipofanyishwa kazi, kwa hiyo walisimama mbele ya ukuta wa hospitali na kuupanda kwa vidole, kama buibui, mpaka mkono ukatae. Sanduku la fundi lilikuwa juu ya rafu, hapohapo juu ya kichwa cha Shemeji. Fundi aliapa kwamba atalishusha kwa mkono ule mgonjwa, si kwa kupanda kigoda wala kwa kumtuma mtu.

Suruali ikaja. Shemeji akaivaa, akatoka na tabasamu lake la kazini.

"Shemeji zangu, nimesikia habari za ukuta."

"Kumbe," fundi akasema. "Na wewe una mgonjwa nyumbani?"

"Mimi ni mtu wa siri. Ila polisi wakisikia habari za hilo sanduku, itakuwa aibu kwa watu wazima kama nyinyi."

Mwalimu akafungua kinywa kumsahihisha, kama alivyozoea kusahihisha watu maisha yake yote. Fundi akamkanyaga mguu.

"Unataka nini, baba?"

"Nusu ya kilichomo sandukuni."

"Nusu ni yako. Lakini bila ukuta silifikii."

Ukuta Shemeji alikuwa nao. Chumba chake cha kupanga, alichokiita ofisi ya kupeleka watu ng'ambo, kilikuwa kirefu na kitupu, na kodi ya mwaka ilishalipwa kwa fedha za watu ambao mpaka leo wanasubiri kusafiri. Ukiacha suruali, ndicho kitu pekee alichokuwa nacho duniani.

"Tumieni chumba changu," akasema.

"Kikiwa kwa jina lako, mambo yakiharibika watakukamata wewe," fundi akamwambia kwa huruma.

Shemeji akaona mbali. "Basi mwenye nyumba akihamishie kwenye jina la kikundi. Tutamwambia nyinyi ni akina mama mliougua saratani ya matiti, mnatafuta mahali pa mazoezi. Nani atawashuku?"

Wanawake wakatazamana.

"Hilo umelifikiria mwenyewe?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo kazi yangu, shemeji."

Na kazi aliifanya. Mbele ya mwenye nyumba alieleza, kama fundi alivyomfundisha njiani, habari za mkono usioweza kuchana nywele, uchovu usioisha kwa kulala, na jinsi mwili unavyorudi ukitembezwa kidogo kidogo. Sauti ilimkatika mahali panapostahili. Mwenye nyumba akajifuta macho na kuhamisha jina. Mwalimu alilia kwelikweli, kwani hakutegemea kusikia maumivu yake yakisemwa vizuri hivyo na mwongo. Tumtendee haki: siku hiyo Shemeji alisema kweli tangu mwanzo hadi mwisho, ila hakuwa na habari.

Jumamosi alikuja kuchukua chake. Alikuta wanawake wamesimama mbele ya ukuta, pamoja na Sista, ambaye alikuwa amevaa sare ya nesi. Rafu ya dukani ilikuwa imehamishiwa hapo, sanduku likiwa juu yake bila kushushwa. Vidole vya fundi vilipanda, vikasita, vikapanda tena. Shemeji akajikuta amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, akimwombea. Sanduku likavutika, likamwangukia fundi kifuani, naye akalikumbatia akilia.

Ndani mlikuwa na gauni alilojishonea kabla ya kuugua, la kuvaliwa kwa kupitishia kichwani, mikono juu. Akalivaa palepale juu ya nguo zake, bila kusaidiwa.

"Na mali?" Shemeji akauliza.

"Ndiyo hii nimeivaa."

"Na nusu yangu?"

Fundi akachungulia sandukuni. "Kuna vidonge vya kufukuza mende. Chukua vyote, nimekuzidishia."

"Mmenitapeli."

"Nani amekudanganya, baba? Sisi ni akina mama tuliougua saratani ya matiti, tulitafuta mahali pa mazoezi. Wewe ndiye uliyesema."

Mlango ukagongwa. Nje walisimama watu wenye mabegi wakiiulizia ofisi ya ng'ambo, na hawakuuliza kwa upole. Shemeji akakimbilia uani. Uani kulikuwa na ukuta.

"Polepole," Sista akamwambia. "Usilazimishe."

Akalazimisha. Kiraka kikaachia alipofika juu kabisa, mbele ya watu wote. Fundi alisimama mlangoni na gauni lake, akampungia mkono, ule ule, ukiwa umenyooka juu ya kichwa.