Mke Wangu, Kiingereza Chake na Kifutio Changu

Jumatatu, 6 Oktoba

…na ndiyo maana nasema mwanyumba wangu hana moyo, ana kikokotoo tu kifuani. Huyu ndiye aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Mhasibu. Hutembea kama anayekagua sakafu. Jana, mezani kwa baba mkwe, amemwuliza mke wangu mbele ya watu wote hicho Kiingereza anachosomea chuo kikuu kitamlisha nini. Eti atasimama barabarani awasalimie wapita njia? Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia kope za mke wangu. Jamani, kope zile!

Baba mkwe naye hakucheka. Amesema Jumapili ijayo, pale pale mezani, binti yake aseme kwa kinywa chake ni kazi gani itatoka kwenye shahada hiyo. Akikosa jibu, ataacha masomo akiwa mwaka wa mwisho, ahamie uhasibu, na mwanyumba amtafutie kiti ofisini kwake. Kiti! Mke wangu aketi mkabala na kile kikokotoo mpaka azeeke!

Yeye akajibu kwa upole kwamba kuna jambo analishughulikia. Njiani kurudi nyumbani akanieleza ni jambo gani. Kwa kirefu. Sikusikia hata neno. Alikuwa amenishika mkono. Wiki ya sita ya ndoa, na bado nikishikwa mkono masikio yanaziba.

Nimeapa. Kazi nitamtafutia mimi. Ni kweli niliishia sekondari, lakini nauza magodoro. Anayeweza kumfanya mtu mzima alale dukani mchana kweupe, na viatu kavua, hashindwi na kitu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimetoroka dukani kwenda chuoni kwake. Nimemwambia tajiri wangu naenda kwa daktari wa meno. Akasema meno yangu yamekuwa mengi mno tangu nioe.

Karani wa idara ya Kiingereza aliniuliza niko mwaka wa ngapi. Nikamjibu: wa kwanza, wa ndoa. Hakutabasamu. Akanionyesha ubao wa matangazo. Lo! Kumbe hawajifunzi kusalimia! Wanasoma fasihi, wanasoma jinsi lugha inavyojengwa, wanajifunza kuandika na kusimama mbele ya watu wakasikilizwa. Na kazi zenyewe! Mwalimu. Mfasiri. Mhariri. Mwandishi wa habari. Mtunga matangazo. Mkutubi. Afisa uhusiano. Sikuwa na karatasi, nikaziandika zote mkononi, kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Mimi nimependa afisa uhusiano. Jina lenyewe lina harufu ya manukato na kiyoyozi.

Jioni mke wangu akaniuliza kwa nini nimeandikwa kama ubao. Nikamwambia mapenzi yamenijaa mpaka yamefurika kwenye ngozi. Akasema basi yaoge kabla ya kupanda kitandani, shuka ni mpya.

Ana utani, mpenzi wangu!

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango umeanza. Nimebandika tangazo kwenye godoro kubwa la mlangoni: MTAALAMU WA KIINGEREZA. HOTUBA, TAFSIRI, USHAURI WA MAMBO YOTE. ULIZA NDANI.

Wameuliza! Bwana mmoja anataka hotuba ya harusi ya dada yake, iwe ya kuliza watu lakini isimtaje bwana harusi. Kinyozi wa jirani anataka tangazo la kuwarudisha wateja waliomhama. Mama mmoja, fundi cherehani, anataka kumgombeza jirani yake kwa Kiingereza, jirani asielewe lakini aumie. Nimewakubalia wote. Nimewaahidi kesho asubuhi.

Tajiri akasema tangu asubuhi nimeuza mke zaidi ya magodoro. Nikamwambia ndiyo bidhaa bora zaidi dukani. Akaniamuru nibandue.

Mke wangu alisikiliza habari hizi hadi mwisho. Kisha akasema ana kazi ya haraka mezani, hana nafasi ya kuliza watu harusini. Ila lile la yule mama fundi lilimgusa. Akauliza jirani kafanya nini hasa. Anaanika nguo zinazovuja maji juu ya vitambaa vya wateja, basi. Akaandika sentensi mbili tu. Za adabu tupu! Hata tusi moja la kufutia machozi hamna. Nilisikitika, lakini nikajikaza kisabuni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Yule mama fundi amekuja dukani mbio. Jirani alimpelekea mwanawe amsomee zile sentensi, akatoka ndani, akahamisha kamba ya nguo na kuomba radhi. Mama fundi amekasirika. Anasema ugomvi wa miaka umekufa na sasa hana la kufanya jioni.

Lakini hayo si kitu. Leo nimemwokoa mke wangu.

Asubuhi alipokuwa anawahi kipindi aliniachia bahasha ya kaki. Niipeleke kwa wachapishaji wa vitabu, mtaa wa nyuma ya duka letu, nimkabidhi mhariri mkuu kabla ya saa kumi. Akasema nisiiache juani, nisiilalie, nisiichungulie. Lakini bahasha haikuwa na gundi! Karatasi zenyewe zilinichungulia mimi.

Hadithi ya watoto kwa Kiingereza. Ng'ombe anataka kwenda shule. Nimesoma nikicheka peke yangu juu ya godoro la futi sita. Kumbe mke wangu anatunga! Kisha nikaona. Mungu wangu! Kila ukurasa umechorwa kwa penseli. Aya nzima zimekatwa kwa mstari. Pembeni mtu kaandika maneno makali: hili umeshalisema. Huyu ng'ombe ameingiaje ndani ya darasa? Ondoa. Ondoa. Ondoa!

Moyo wangu ulipiga teke. Niliyajua maumivu hayo. Insha yangu ya mwisho sekondari ilirudi imechorwa hivyo hivyo, na mwalimu akaniambia nina kipaji cha kunyamaza. Sasa mwalimu fulani katili amemfanyia hivyo kipenzi changu, naye mke wangu, maskini, ananituma nipeleke aibu hiyo kwa wachapishaji! Hata mwandiko, mtu huyo ameuiga wa mke wangu, herufi kwa herufi. Wivu ni ugonjwa.

Nikanunua vifutio. Nikafuta. Wateja walikuja, nikawaambia lala hapo kwanza. Nikafuta mpaka kidole kikawaka moto. Kila neno la ng'ombe yule nimelirudishia heshima yake. Karatasi zikawa nyeupe kama jino la mtoto. Nikazipeleka mwenyewe, nikamwambia mhariri mkuu, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, kwamba kazi hii haina kosa hata moja. Akashangaa. Akasema basi itakuwa ya kwanza duniani.

Sikumwambia mke wangu. Mapenzi ya kweli hayapigi tarumbeta.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepiga tarumbeta.

Mhariri mkuu alimpigia mke wangu simu tukiwa tunakunywa chai. Nilimwona uso unashuka, unashuka, mpaka nikaogopa utafika kwenye kikombe. Alipokata simu akaniuliza, taratibu, kama mtu anayezungumza na paka aliye juu ya paa, kama kuna aliyeigusa bahasha.

Nikamwambia mapenzi yameigusa.

Basi ndipo nikaelewa lile jambo alilonieleza Jumapili nikiwa nimeshikwa mkono. Hadithi si yake. Ni ya mzee mmoja anayeandika vitabu vya shule. Yeye alipewa aihariri kama mtihani wa kazi. Zile alama zilikuwa zake! Ule ukatili wote ulikuwa wake! Usiku ngapi ameketi na ng'ombe yule, anampunguza, anamnyoosha. Ndiyo kazi ya mhariri, akasema: unaisoma sentensi mpaka ikiri kosa. Mimi nikazisamehe zote.

Mhariri mkuu amemwambia maneno machache tu. Kwamba kwa kazi aliyoipokea, ama hana macho, ama ana mume.

Akamjibu ana mume.

Basi amepewa nafasi moja. Kesho asubuhi aende akaihariri upya pale pale ofisini, mhariri mkuu akimtazama. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na keshokutwa mezani hatakuwa na la kusema. Kiti cha mwanyumba kinamsubiri.

Nililia. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Nimeoa malaika. Kisha malaika akachukua vifutio vyote akavitupa pipani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemsindikiza. Alisema nisimsindikize. Nikamsindikiza kwa nyuma kidogo.

Nimeketi kwenye korido, benchi gumu ajabu, wachapishaji hawajui magodoro. Mlangoni kuna kidirisha cha kioo. Nikachungulia. Mke wangu kainama, penseli inakimbia, anakata, anakata! Hakumkumbuka mtu. Hata mimi hakunikumbuka. Sijawahi kumpenda hivi. Mhariri mkuu ameshusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni.

Nikaona nimsaidie. Nikampungia mkono kumtia moyo. Akanitazama. Nikarudi kwenye benchi.

Baadaye mhariri mkuu akatoka, akanisimamia. Akauliza kama mimi ndiye kifutio. Nikamwambia mimi ndiye mume. Akasema haoni tofauti. Akaenda zake.

Mke wangu alipotoka hakusema kama amepita. Njia nzima. Nikimwuliza, ananiambia nisubiri Jumapili kama wenzangu, maana nikiambiwa kitu njiani sisikii.

Jumapili, 12 Oktoba

Mezani. Mwanyumba amevaa tai. Kwa chakula cha mchana! Kabla hatujanawa mikono akamwambia mke wangu kiti kimeshafutwa vumbi. Baba mkwe akamwambia anyamaze, kisha akamgeukia binti yake: haya mwanangu, tuambie.

Mke wangu akasema: mhariri msaidizi, vitabu vya shule. Ataanza sasa, saa za baada ya vipindi, na akihitimu ataingia moja kwa moja. Alishindanishwa na mwenzake mmoja, akapita.

Nilipiga kigelegele. Mwanamume mzima! Mama mkwe akanipokea.

Mwanyumba akauliza tangu lini kufuta maneno ya wenzio kumekuwa kazi. Baba mkwe akainuka, akarudi na karatasi zake. Ni hotuba ya kuagwa kazini, anastaafu mwezi ujao, ameihangaikia muda mrefu. Akamwekea binti yake mbele, akampa penseli. Haya, futa.

Sisi tukala. Penseli inakwaruza. Mke wangu akakata salamu ndefu, akakata sifa za mkurugenzi, akaacha ile sehemu ya rafiki yake aliyekufa kazini. Baba mkwe akasoma kilichobaki. Akasoma tena. Akavua miwani, akapangusa macho, akasema hili hasa ndilo alilotaka kusema, ila alikuwa halioni kwa wingi wa maneno. Kuhusu uhasibu hakutaja tena.

Uani mwanyumba alinivuta pembeni. Anaomba cheo kipya ofisini kwao, sasa sijui shemeji angeweza kumtazamia maombi yake? Nikamwambia kiti kimeshafutwa vumbi, apange foleni.

Kisha nikasimama mbele ya wote nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba bila mimi asingeitwa kuhariri mbele ya mkubwa wake, na ustadi wake usingeonekana. Mke wangu akasema ni kweli kabisa: bila mume wangu, kazi hii ningeifanya mara moja tu.

Mmesikia? Mbele ya wazazi!

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikupata usingizi kwa furaha. Nimelala nikimwangalia. Anakoroma kidogo, kama penseli kwenye karatasi.

Ila kuna neno moja linanikera. Msaidizi. Mhariri msaidizi! Kwa nini msaidizi? Mtu aliyemliza baba mkwe kwa kukata sifa za mkurugenzi? Yule mama wa miwani mbili ni mtu mzuri, sikatai, lakini amechoka, na benchi lake ni gumu. Hakuna aliyewahi kukaa naye chini akamweleza taratibu kuhusu kupumzika.

Mke wangu ameniapisha nisikanyage tena ofisini kwao. Nimeapa. Lakini alikuwa amenishika mkono.

Godoro la kumpelekea nimeshalichagua, na kifutio kipya kiko mfukoni, huwezi kujua. Mama mhariri mkuu, weka chai jikoni: kabla mwezi huu haujaisha, nitakutembelea.