Kikohozi Kimoja, Mguu Umevunjika

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwisha. Mama Mkuu wa kliniki ameingia chumba cha walimu kabla sijamaliza chai, akatangaza kwamba Ijumaa atakuja kukaa kwenye kipindi changu cha picha. Wala haji kunisikiliza mimi. Anakuja kuwasikiliza wanafunzi! Anasema vijana wetu wa tiba ya miguu wakipelekwa kwa wagonjwa kufanya mafunzo ya vitendo, wakapewa picha ya eksirei ya mguu, wanaikodolea macho tu. Juzi mmoja alimwambia mgonjwa kwamba ana uvimbe mkubwa nyuma ya mguu. Kilikuwa kisigino.

Wasipoweza kusoma picha Ijumaa, kipindi anapewa Miwani, yule bibie wa chumba cha eksirei. Mimi narudi chumba namba mbili. Chumba namba mbili! Kukata kucha zilizoota ndani na kukwangua sugu za wazee tangu asubuhi hadi jioni. Nilitoka kule kwa jasho na kwa kujipendekeza kwingi. Halafu kuna mke wangu. Nilimwambia mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Picha. Ukweli ni kaimu mwalimu wa kipindi kimoja, lakini "kaimu" ni neno dogo, lilidondoka njiani. Mke akamwambia mama yake. Mama mkwe hana siri, kwa hiyo mtaa wao wote sasa unajua kwamba mkwe wake ni mkuu.

Kipindi cha leo hakikunipa moyo. Nimeweka picha kwenye taa ya ukutani, nikauliza wanaona nini. Mmoja akasema anaona mguu. Nikampongeza, maana lazima tuanzie mahali. Ndipo yule msichana wa mbele, tunayemwita Kwa Nini, akauliza kwa nini kijifupa kilicho chini ya kidole gumba kiko vipande viwili. Nikasema kimevunjika. Akauliza kwa nini basi kingo zake ni laini na za mviringo, wakati mfupa uliovunjika huwa na kingo kali. Nikasema kipindi kimekwisha.

Kilikuwa hakijafika nusu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata njia! Imenijia nikinyoa ndevu, nikajikata kidevu kwa furaha. Wanafunzi hawana haja ya kusoma picha. Wanisome mimi!

Mpango ni huu. Ijumaa nitakaa kiti cha pembeni, mahali wote wananiona. Nikikohoa, mguu umevunjika. Nikishika tai, mguu mzima. Nikikuna kichwa, viungo vimelika. Tumefanya mazoezi asubuhi nzima na sijawahi kuona darasa likinifuata vile. Wale waliokuwa wakisinzia wamekuwa macho. Yule kijana mnene wa nyuma, ambaye mwezi mzima alikuwa hajui wayo na unyayo vinahusianaje, amejibu maswali yote sawasawa huku ameipa picha mgongo. Machozi yalinilenga. Hiki ndicho walimu wanachokiita kuzaa matunda.

Kwa Nini peke yake amekunja uso. Ameuliza kwa nini tusijifunze tu kusoma picha. Nimemjibu kwamba huo ni ujuzi wa juu, utakuja kwa wakati wake. Akasema sawa, ila picha iliyoko ukutani imewekwa juu chini tangu tulipoanza. Nikatazama. Kweli. Nikasema nilifanya makusudi kuona nani ataligundua, nikampongeza kwa shingo upande.

Jambo moja linaninyima raha. Ili niwape ishara, lazima mimi nilijue jibu.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa Miwani kuchunguza. Nimeanza kwa sifa. Nimesema miwani yake mipya imempendeza. Akasema ni ileile ya siku zote. Nikauliza, kama mtu anayepita tu, Mama Mkuu amechagua picha zipi kwa ajili ya Ijumaa. Akasema hajachagua. Anataka mguu mpya kabisa, ambao hakuna mtu darasani aliyewahi kuuona, na jina la mwenye nao lifichwe.

Halafu akafanya jambo la ajabu. Aliniambia nije kesho jioni, tukae naye, anionyeshe anavyosoma yeye. Anasema unachukua mfupa mmoja mmoja, unaufuata ukingo wake kwa kidole kama mtoto anayefuatisha mchoro. Ukingo ukikatika ghafla, simama hapo ujiulize. Ukiwa laini, usiharakishe kumfunga mtu plasta. Anasema si kazi ngumu, na kwamba yeye mwenyewe mwaka wa kwanza alikosea hadi akalia chooni.

Amelisema bila kunicheka. Nusura nikubali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Lakini mimi sikuzaliwa jana. Anataka kujua nisichokijua, akakimwage kwa Mama Mkuu. Nikamwambia asante, dada, kesho nina shughuli. Nimetoka pale roho ikiniuma na sijui kwa nini iniume.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya mkosi. Niliamua kujificha kwenye kile kijichumba cha kubadilishia nguo, nyuma ya pazia, mle mle chumba cha eksirei. Miwani akienda kula mchana, nachungulia kompyuta yake, nauona huo mguu mpya, kwisha kazi.

Hakwenda kula. Alitoa mkate kwenye mkoba, akala hapo hapo mezani taratibu, akisoma picha. Mimi nyuma ya pazia na shati jepesi. Chumba kile wanakipoza kwa ajili ya mashine, na kiyoyozi kilikuwa kinanipuliza shingoni. Nikakaza meno. Yakagongana. Nikayashika kwa mkono, ukaanza kutetemeka mkono. Mwishowe pazia likafunguliwa, nikawa natazamana na miwani.

Akauliza nafanya nini. Nikasema nimekuja kupigwa picha, mguu unaniuma. Upi? Wa kushoto, maana ndio uliokuwa karibu naye. Tangu lini? Tangu sasa hivi. Mtu mwingine angenifukuza. Yeye akanikalisha, akabonyeza hapa na pale, na kila alipobonyeza nilisema "aah!" ili nisionekane mwongo. Ikabidi nijiandikie mwenyewe kipimo, nikapigwa picha. Wakati naivaa soksi aliniuliza kitu kuhusu kuitumia ile picha kufundishia, jina likifichwa. Nilikuwa natetemeka mwili mzima. Nikasema sawa, sawa, chukua, nikatoka mbio kutafuta jua.

Sikuona chochote kwenye kompyuta. Na jioni hii koo linawasha.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nimelala chali, mguu juu ya mito. Nijitahidi kueleza kwa utaratibu.

Nimeamka na mafua mazito na kikohozi cha kutoka kwenye nyayo. Nimekunywa maji ya moto, nimekunywa dawa, nimemeza asali. Hakijasikia. Mama Mkuu kaingia, kaketi. Miwani kaingia nyuma yake na picha. Ikawashwa ukutani: mguu wa kushoto, mtu mzima, jina limefichwa. Nikautazama. Ni mguu. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Nikaamua kushika tai, mguu mzima, tumalize salama. Mkono ulipofika kwenye tai, kikohozi kikanishika.

Yule kijana mnene akasimama kwa kujiamini, akasema umevunjika kisigino. Nikakohoa tena kwa hofu. Wa pili akasema umevunjika kisigino na kifundo pia. Nikajaribu kuwaashiria kwa macho, nikaishia kukohoa mfululizo, na kila kikohozi kilivunja mfupa mwingine. Walikuwa wanaandika haraka haraka! Hadi anamaliza wa tano, mwenye mguu ule alikuwa hana hata kidole kizima. Mama Mkuu aliuliza kwa upole kama mgonjwa huyu alikanyagwa na treni.

Ndipo Kwa Nini akaenda ukutani. Hakunitazama hata mara moja. Akaweka kidole kwenye picha, akaufuata kila mfupa ukingo kwa ukingo, polepole. Akasema mguu ni mzima. Kijifupa cha chini ya kidole gumba kiko vipande viwili, lakini kingo ni laini, kwa hiyo mwenye nao amezaliwa hivyo, watu wengi wanazaliwa hivyo. Asifungwe kitu.

Mama Mkuu akatabasamu! Kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akanigeukia, akaniuliza, "Mwalimu, unasemaje?"

Neno moja tu lilitakiwa. "Ndiyo." Kipindi kingebaki changu, mwanafunzi wangu amejibu, basi. Lakini Jumatatu mbele ya darasa nilisema kijifupa cha namna ile kimevunjika. Nitarudi nyuma mbele ya Kwa Nini? Nikasimama. Nikasema binti amejitahidi, ila hana uzoefu. Kijifupa kimevunjika vibaya. Nikasema mimi ningemfunga mgonjwa huyu plasta ngumu hadi gotini, wiki sita, magongo, asikanyage chini kabisa.

Miwani akatazama sakafu. Mama Mkuu akamuuliza mwenye mguu ni nani. Miwani akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mwenye mguu alikubali utumike, na yupo humu ndani, anakohoa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Mkuu akaniuliza kama ningependa kuitazama picha tena. Alinipa nafasi, siwezi kukataa hilo. Alisubiri, akasubiri. Nami nikasikia sauti yangu ikisema hakuna haja, mguu umevunjika, nimekuwa nikivumilia tu kwa ajili ya wanafunzi. Nikachechemea hatua mbili kuthibitisha. Nimechechemea kwa mguu wa kulia, usio wenyewe, amesema kijana mnene.

Mama Mkuu akasema mwalimu wa picha ameshaamua, yeye ni nani ampinge? Akaniongoza hadi chumba cha plasta. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wanafunzi wamefunga wao wenyewe, kwa mafunzo ya vitendo. Wamefunga vizuri, hapo siwalaumu.

Jumamosi, 8 Juni

Plasta inawasha, na panapowasha hapafikiki. Nimejaribu kijiti cha mshikaki, kimekatikia ndani.

Mama mkwe amekuja na majirani wawili kumwona mkuu aliyeumia kazini. Ananiita mwanangu. Ameushika mguu wangu mzima kabisa, akaniombea dua ndefu, akalia. Mimi nami nimelia. Wote wamedhani ni maumivu. Sijawahi kujidharau kama leo.

Walipoondoka mke wangu akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaniambia usiku, nikiwa usingizini, nilishuka kitandani, nikaenda chooni na kurudi kwa mguu ule ule, plasta ikigonga sakafu ko-ko-ko, bila magongo. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Akasema, "Baba watoto, mimi nilikuoa—" akajicheka, akasema, "mimi uliponioa ulikuwa unakata kucha. Nilikupenda hivyo hivyo. Sema ukweli ukafunguliwe."

Nikageukia ukutani nikajifanya nimesinzia.

Jumatatu, 10 Juni

Kwa Nini amekuja kunitazama, na ujumbe kutoka kwa Mama Mkuu. Kipindi cha picha kimekwenda kwa Miwani. Lakini Miwani mwenyewe ameomba nisirudishwe chumba namba mbili. Amesema nikae darasani kwake muhula mmoja, kiti cha nyuma, nijifunze na wenzangu, na nikifaulu tutafundisha wote wawili. Sharti ni moja tu. Niende kesho asubuhi nitamke mbele ya darasa: mguu wangu ni mzima, nilisoma vibaya. Watanikata plasta hapo hapo, na hakuna atakayelitaja tena.

Kwa Nini akaongeza kwamba amejifunza mengi kwangu. Kila nilichosema kilimpeleka maktaba kuhakikisha. Sidhani alikuwa anatania.

Alipoondoka nilikaa peke yangu. Nikaikariri ile sentensi. Mguu wangu ni mzima, nilisoma vibaya. Si ndefu. Nikaisema kwa sauti, nikaona kifua kinakuwa chepesi, hata kikohozi kikatulia. Mke wangu alikuwa jikoni, aliposikia akaanza kuimba. Kesho nitakuwa nimefunguliwa. Nilikuwa nimeshaamua, naapa.

Kisha nikamkumbuka shemeji. Mwaka jana aliangukiwa na mtungi wa gesi mguuni, na picha yake imo kabatini kwa mama mkwe! Kijifupa kile kile cha chini ya kidole gumba, kimevunjika vizuri sana, hata mimi nauona ufa. Nitaibandika ukutani kesho mbele yao wote, nao ndio wataniomba radhi. Jina nitalikwangua. Ule ni mguu wa kulia na wangu ni wa kushoto, lakini picha nitaigeuza tu. Kweli picha ilipigwa baada ya shemeji kukatwa kidole kidogo, kwa hiyo vimebaki vinne. Lakini wote watakuwa wanatazama kidole gumba. Nani atahesabu vidole?