Uzinduzi wa Kliniki ya Kibofu, Kafr Shukair

Mheshimiwa Naibu Gavana uliyetuma udhuru, Mheshimiwa Umda, yaani mkuu wa kijiji chetu, sheikh wetu wa msikiti, waandishi wa habari nyote wawili, na ninyi mama zangu mliofanyiwa upasuaji wa kuwekewa mkanda wa kushikilia njia ya mkojo, itifaki imezingatiwa! (Vigelegele.)

Mimi, Mkurugenzi Bahgat Abul-Magd, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana hadi Kairo, natamka kwamba zamani mama wa hapa akikohoa alilowa, akicheka alilowa, akinyanyua kapu la bata alilowa, ila leo, kutokana na mkakati jumuishi niliousimamia mwenyewe, mnakohoa mkiwa wakavu. Hebu kohoeni! (Wanakohoa. Makofi.)

(Hajja Wagida, safu ya mbele: "Kukohoa sawa, mwanangu, Mungu akuweke. Lakini tangu huo mkanda, mkojo ukinibana haunisubiri hata nivae viatu, na nikifika chooni unatoka kwa matone. Wa kunitazama yuko wapi?")

Swali zuri, Hajja! Ndiyo maana tumejenga kliniki hii ya ufuatiliaji mnayoiona nyuma yangu, yenye madirisha mapana kuliko ya ofisi yangu, na takwimu zinathibitisha mafanikio ya asilimia mia moja, kwani hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kurudi humo kulalamika. (Wanawake wanaanza kuinuka.) Asanteni kwa heshima hii ya kusimama! Lakini kaeni, kwani kwa desturi yetu hakuna atokaye hemani kabla ya mgeni rasmi kumaliza, na mimi ndiyo kwanza namaliza utangulizi.

("Heshima gani? Tumebanwa!" "Choo kiko wapi, wewe?")

Vyoo vimo katika awamu ya pili, baada ya upembuzi yakinifu. (Hajja Wagida anakusanya galabia yake, kanzu pana ya hadi miguuni, anapanda jukwaani, anauendea mlango wa kliniki.) Hajja, mlango huo usiuguse! (Ukuta mzima unapepea.)

Kibofu salama! (Wote wanautazama ukuta.) Taifa imara! (Kicheko.) Nahitimisha kwa kumshukuru Maalim Shukri, mkodisha mahema, aliyetuazima turubai hili tukachora juu yake kliniki yetu, naye analitaka kabla ya alasiri kwa ajili ya matanga, na pia namshukuru mwenye shamba la majani ya ng'ombe lililo nyuma ya turubai.

(Hajja Wagida, kutoka nyuma ya turubai: "Mkurugenzi, wewe endelea tu na hotuba. Mimi nimeshazindua.")