Peremende za Kumnasia Fundi Viatu

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa wazazi shuleni. Binti yangu yuko kazini, nikaenda mimi bibi. Viti vya watoto! Magoti yalinifika kidevuni. Afisa wa ustawi, msichana mwenye miwani, akatuonya juu ya watu wabaya. Mtu mzima anayezungukazunguka uzio wa shule. Anayegawa peremende kwa watoto wasio wake. Anayewaambia wasiseme nyumbani. Akasema ukimwona toa taarifa, usijifanye askari. Hilo la mwisho halikuniingia, nilishamkumbuka mtu.

Fundi viatu wa mbele ya geti! Watoto wamemzunguka kama nzi. Anawashonea bure. Bure! Hana mke, hana mtoto, anacheka na watoto wa watu. Mimi nimezaa saba na sijawahi kucheka nao vile.

Na mjukuu wangu anapita pale kila siku. Tangu nihamie kwa binti yangu kazi yangu ni hiyo moja, kumchukua shuleni. Sufuria siruhusiwi kugusa, eti naunguza. Njiani ananishika kidole, ananisimulia nani kalia, nani kapigana. Basi. Siku yangu ndiyo hiyo.

Fundi nitamnasa.

Jumanne, 4 Machi

Nimejifunika kanga hadi puani, nikajibanza nyuma ya nguzo. Fundi akanitolea shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara. Akauliza goti linaendeleaje. Goti langu kalijuaje? Akaniletea kigoda. Nikakikalia, kwa ajili ya upelelezi. Kakaja katoto kanalia, mkanda wa kiatu umekatika. Akashona, akagonga soli, akakaambia kakimbie kengele inalia. Hakuna zaidi.

Mjanja sana huyu.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua pakiti ya peremende. Wakati wa mapumziko nikasimama kwenye uzio, nikawaita watoto pss, pss. Wakaja mbio! Nikawagawia kupitia kwenye waya, nikawauliza fundi huwapa nini. Wakasema hawapi kitu, huwaambia tu wafue soksi, zinanuka. Kibogoyo mmoja akauliza kama nina nyekundu. Nikawaongeza, nikawaambia wasimwambie mtu, hata mama. Siri yetu.

Upelelezi bila siri si upelelezi.

Alhamisi, 6 Machi

Mlinzi kanikamata! Kwa mkono wa gauni, mbele za watu! Kibogoyo alisema kwao. Akina mama wakapaza sauti kwamba ndiye huyu, bibi wa peremende. Mmoja akamficha mwanawe nyuma ya sketi kana kwamba mimi ni mbwa anayeng'ata. Mwingine akanipiga picha. Nikamwambia apige vizuri, asinikate kichwa.

Mjukuu wangu alikuwa ndani ya geti na mkoba mgongoni, ananitazama. Nikamwita njoo twende. Mlinzi akasema mtoto hatoki na mimi, aje mama yake. Nikamuuliza kama mama yake alijizaa mwenyewe. Hakucheka mtu.

Fundi akaacha kazi akaja, sindano bado mkononi. Akawaambia bibi huyu anamfahamu, hana ubaya, ana mdomo tu. Mdomo tu! Mama mmoja akamgeukia yeye. Kwa nini anawajua watoto wote hawa kwa majina? Fundi akaitazama sindano yake. Wakaniuliza mimi kama nina lolote la kusema juu yake.

Nikawaambia ukweli. Kwamba huyo ndiye niliyekuwa namchunguza.

Nikaona nyuso zote zinahama kutoka kwangu kwenda kwake. Kusema kweli nilipumua.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu mkuu kampigia simu binti yangu. Nisionekane getini, mpaka watakaponiambia. Binti yangu akalia jikoni, kanipa mgongo. Akasema mama, nitapita wapi mimi? Nikamwambia apite barabarani kama watu wote. Akafunga mlango.

Jirani wa chini kasema fundi kaondolewa pale. Kajitwika sanduku lake, hakumuaga hata mtu mmoja. Angekuwa safi angeondoka?

Jumatatu, 10 Machi

Jirani wa chini, yule tunayemwita Mama Redio, ndiye anayemchukua mjukuu wangu sasa. Mimi nakaa dirishani. Nimewaona wakija. Kiatu cha mtoto kimeachama, soli inapiga lami pwa, pwa. Jioni nikajaribu kukishona, nikajichoma kidole, kiatu kikabaki vilevile.

Mtoto akaniuliza fundi alifanya nini. Nikamwambia hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Akauliza tena, alifanya nini lakini? Nikamwambia akale. Nikamnyoshea kidole anishike tukae kidogo. Akasema ana kazi ya shule.

Nimekaa nimewaza sana. Fundi kujitokeza kunitetea mimi, mtu asiye ndugu yake! Mwenye moyo safi ana haraka gani hiyo?

Na Mama Redio leo alikuwa anacheka na mjukuu wangu njia nzima. Mwanamke mzima, na mtoto wa watu. Wanacheka nini?

Peremende zimebaki nusu pakiti. Kesho nitakaa kwenye ngazi niwaulize watoto wa jengo hili, polepole, mmoja mmoja. Na nitawaambia wasiseme kwao.