Nthenya na Kemia Chini ya Ulinzi Wangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Naanza kitabu hiki leo. Kurasa za mbele zimejaa hesabu za mjukuu wangu Nthenya, nimegeuza nikaanzia nyuma. Naandika Kiswahili kwa sababu mke wangu Kavindu anasoma Biblia ya Kikamba tu. Kiswahili cha kuandikwa kinamshinda. Siri zangu ziko salama.

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Si kushindwa. Nilikuwa nimetosheka.

Jambo lenyewe ni hili. Nthenya yuko Kidato cha Nne, shule ya kutwa, hapa upande wa Kiboko. Anataka kuwa muuguzi. Alianza kutaka wakati susu yake, yaani bibi yake Kavindu, alipolazwa hospitali siku sita, naye akalala kwenye benchi akiangalia wauguzi wakifanya kazi. Chuo cha uuguzi kinataka C ya kemia. Mtihani wa majaribio wa Julai alipata D.

Siku ya kufunga shule mwalimu wao wa kemia, Mwalimu Fahima, alituambia wazazi bila kuzunguka. Shule ikifunguliwa tarehe 25 kutakuwa na mtihani. Atakayefika C, yeye atamshika mkono mpaka mtihani wa taifa Novemba. Atakayebaki kwa D, afadhali aanze kufikiria kazi nyingine mapema. Nthenya hakulia. Aliangalia viatu vyake tu.

Nikasimama mbele ya wazazi wote. Nikasema huyu niachieni mimi.

Walicheka. Jirani yangu Musyimi alicheka mpaka akashika kiti. Na mjukuu wake Kalunde ana D hiyo hiyo!

Musyimi hajui mimi, Ndululu, ni nani. Nililinda geti la watafiti wa mahindi miaka kumi na tisa. Mlinzi, sawa. Lakini mlinzi ana macho. Niliona wanavyofanya. Vipande viwili vya shamba, mbegu moja. Kimoja unatia mbolea na maji. Kingine unakiacha hivyo hivyo. Halafu unaandika. Basi Nthenya ni kipande cha mbolea. Kalunde ni kipande cha bure. Musyimi sijamwambia kwamba mjukuu wake ni kipande.

Jumanne, 5 Agosti

Ratiba imebandikwa ukutani. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu usiku, kemia tupu. Nthenya akasema Mwalimu Fahima aliwaambia wasome dakika arobaini, wafunge kitabu, wajiulize walichosoma, halafu wapumzike. Nikamwuliza kama amewahi kuona mahindi yakipumzika.

Saa nane mchana amelala. Uso ndani ya sahani ya muthokoi, mahindi na maharagwe. Kavindu akamfuta maharagwe kwa leso huku akiniangalia mimi, si yeye.

Nimeandika: mmea umenyauka. Sababu: jua.

Jumatano, 6 Agosti

Mbolea. Asali safi ya kutoka Kitui, vikombe viwili kabla ya chai. Alisoma kama redio kwa saa moja. Siku iliyobaki alikuwa chooni. Kavindu ameficha mtungi wa asali na hasemi uko wapi.

Jioni nilipita kwa Musyimi kukagua kipande cha bure. Kalunde ameketi barazani, anakata sukuma wiki, anacheka. Nimeandika: magugu matupu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata. Tatizo ni watu. Mara shangazi amekuja, mara mbuzi, mara Kavindu anataka kuni. Watafiti walikuwa na ua na geti na mimi. Nthenya ana nini?

Nimefagia ghala. Mahindi hayamo tangu mvua ituruke, basi lina nafasi. Nimeweka kiti, meza na kitabu. Mimi nimekaa nje mlangoni na filimbi yangu ya kazi. Sheria ni moja: asome kwa sauti. Kimya ni usingizi.

Alisoma kutwa. Sauti safi. Kavindu anasema nimemfungia mtoto kama ndama. Nimemwambia ndama hajui kemia.

Jumatatu, 11 Agosti

Ushindi! Siku ya tano na sauti haikatiki. Hakohoi. Haombi maji. Haulizi saa. Hata mimi sasa najua: haidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu. Jana kanisani nilisimama wakati wa ushuhuda nikayataja yote. Mchungaji aliniomba niketi.

Kuna jambo la ajabu. Jogoo wetu anawika kila Nthenya akifika kwa neno sodiamu. Kila mara. Nimeandika: jogoo naye anajifunza.

Jumatano, 13 Agosti

Jambo hili haliaminiki. Naandika hivyo hivyo.

Jana Kavindu alichinja yule jogoo. Kulikuwa na wageni wa kanisa. Mimi mwenyewe nilikula paja.

Leo asubuhi niko mlangoni pangu pa ghala. Nthenya anasoma. Amefika kwa sodiamu. Jogoo akawika.

Nilisimama. Nikaketi. Nikaomba kidogo. Halafu nikafungua.

Kiti. Juu ya kiti, simu. Ndani ya simu, sauti ya Nthenya na ya yule jogoo. Nyuma ya ghala fito tatu za ukuta zimetolewa vizuri sana, na zimeegemezwa mahali pake ili zirudishwe jioni. Kazi safi, lazima niseme. Amerithi mikono yangu.

Nyayo zilikwenda moja kwa moja kwa Musyimi. Nikazifuata. Nikakuta wasichana watano barazani. Wamefanya mwethya! Kama akina mama wanavyochimba matuta, leo shamba la huyu, kesho la yule, hawa wanachimba kemia. Kila mmoja amepewa mada yake na lazima awafundishe wenzake, kitabu kimefungwa. Halafu wanaulizana maswali ya mitihani ya zamani. Aliyekosa swali anaulizwa tena baada ya siku mbili. Nthenya alikuwa amesimama mbele yao na kipande cha makaa, ameandika mlango wote wa jiko la Musyimi.

Niliwaambia wameharibu utafiti. Mbolea imevuka mpaka! Kipande cha bure kimechanganyika na kipande changu! Kalunde akauliza kipande ni nani.

Musyimi alitoka ndani polepole, akiwa na kikombe cha chai.

“Ndululu,” akasema, “siku zote hizi ulikuwa unalinda simu?”

Nilimjibu kwamba simu pia huibiwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Kikao nyumbani. Mimi mwenyekiti, lakini Kavindu ndiye aliyeongea. Nilisema wizi wa fito ni wizi. Nilisema jina langu limeingia matope hadi kanisani. Nilisema D itabaki D na Mwalimu Fahima atamwambia akatafute kazi ya kuuza mitumba. Hapo Nthenya akainua kichwa. Huwa haniangalii usoni kwa heshima. Leo aliniangalia.

“Babu, nikisoma peke yangu naona kila kitu najua. Nikisimama mbele ya Kalunde ndipo naona sijui. Nataka kuona hivyo hapa nyumbani, si kwenye mtihani.”

Nilikohoa. Kavindu akatoa hukumu: mwethya unakuja hapa kwetu kesho, chai ataipika yeye, na mzee atakaa kando na mdomo wake.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamekuja. Nilikaa kando dakika nne.

Kumbe wana shida. Kalunde akasema mwalimu aliwapa dawa moja ambayo bado hawajaijaribu: mwelezee kemia mtu asiyeijua kabisa, mpaka aelewe. Wakaangalia huku na huku wakitafuta mtu wa namna hiyo. Wote watano wakaishia kuniangalia mimi.

Yaani wamenichagua mkaguzi. Bila kupiga kura!

Nthenya akaanza na kitu kinaitwa moli. Ndicho kilichomwangusha Julai. Akasema atomu ni ndogo mno kuhesabu moja moja, basi watu wa kemia wanazipima kwa moli, kama sisi tunavyopima mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Nikamwuliza gorogoro ya nani. Kwa sababu kuna za sokoni zimepigwa chini zikaingia ndani, ukifika nyumbani huna mahindi. Nani amekagua gorogoro hiyo ya kemia?

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alisimama pale na makaa mkononi. Akasema hajui. Akaenda kando ya tangi la maji akageukia ukuta. Mabega yake nikayaona. Kavindu akaniangalia kwa jicho la kunichinja.

Aliporudi alikuwa na mifuko miwili. Akahesabu punje mia moja za ndengu akaniwekea kiganja cha kushoto. Akahesabu punje mia moja za mahindi akaniwekea cha kulia. Akaniuliza wapi pana punje nyingi. Nikasema ni sawa, nimeona ukihesabu. Akaniuliza wapi ni pazito.

“Mahindi. Hilo hata kipofu anajua.”

“Basi moli ni ile mia, Babu. Si gorogoro, nilikosea. Ni hesabu. Hesabu ni moja, uzito unategemea ni kitu gani umehesabu.”

Mimi sikubali kitu mara moja. Nilimfanya arudie. Nikamwuliza na maharagwe. Nikamwuliza na atomu za chuma. Mara ya nne alijibu hata bila kugusa kitabu, na haraka, akiwa amekasirika kidogo. Ndengu nilizirudisha kwa mfuko. Mahindi yalianguka, kuku wakala kemia yote.

Nimeandika: nimemfundisha moli.

Jumamosi, 23 Agosti

Wiki nzima nimezunguka na mwethya, nyumba kwa nyumba. Kila nyumba chai. Nyumbani kwa mmoja wao, kwa kina Mutunga, chapati. Nimewauliza maswali magumu. Nani ameona atomu? Kwa nini tindikali haili chupa? Kama maji ni haidrojeni na oksijeni, yule aliyezichanganya alikuwa nani na alitumwa na nani? Wanajibu. Wakikosa wanaandika kando, na baada ya siku mbili wananitafuta mimi, hata nikiwa nakamua mbuzi, waniambie jibu.

Musyimi aliomba kuwa mkaguzi msaidizi. Wasichana wakamkataa kwa adabu. Wakasema yeye alifika darasa la saba, anajua mno. Aibu yake.

Jumanne, 26 Agosti

Leo ilikuwa kemia. Nthenya aliondoka bila kunywa chai. Nilitaka kumsindikiza mpaka dirishani pa darasa nisimame hapo kidogo. Kavindu alificha viatu vyangu.

Amerudi. Nikamwuliza mara tatu. Mwishowe akasema swali la moli lilikuja, kubwa, alama nyingi. Akasema kichwa kilikuwa cheupe kabisa, halafu akanisikia nikiuliza gorogoro ya nani, akakasirika, akaandika.

Hatujui zaidi ya hapo. Kavindu ameomba mara mbili kabla ya ugali na mara moja katikati.

Ijumaa, 29 Agosti

C+.

Nimeiandika peke yake ili ionekane. C na msalaba wake.

Mwalimu Fahima alimwita mbele ya darasa akamwambia waongozane mpaka Novemba. Nthenya alikimbia kutoka shule hadi nyumbani, na sare yake, na vumbi lote. Alimkumbatia Kavindu wakayumba wote wawili karibu waanguke kwenye moto. Halafu akaja kwangu akasimama. Akasema asante Babu kwa kutoelewa.

Sijui alimaanisha nini lakini sauti ilikuwa ya heshima.

Sasa hesabu ya kitaalamu. Kipande cha mbolea: C+. Kipande cha bure, yaani Kalunde: B-. Mtu asiye na elimu ataona hapo kasoro. Mimi sioni. Boma la Musyimi liko chini ya langu, mteremkoni. Mbolea ikizidi juu huteremka chini. Watafiti wote wanajua. Kalunde amekula asali yangu bila kuilamba. Nimemngoja Musyimi aje kunishukuru. Mpaka saa hii hajaja.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefikiri tangu Ijumaa. Ikiwa mimi, kwa maswali tu, nimeinua wasichana watano, ni nini kinanizuia mimi mwenyewe?

Leo nimekwenda mjini Wote, ofisi ya elimu, kuandikisha jina langu kwa mtihani wa Kidato cha Nne mwaka ujao. Kemia na mengine watakayonipa. Kijana wa ofisi aliniuliza cheti cha darasa la nane kiko wapi. Nikamwuliza kati ya cheti na akili ni kipi kilizaliwa kwanza. Akaita mwenzake aje anisikie. Wakaitana watatu. Waliniambia kwa upole nianze na madarasa ya watu wazima, umri ninao wa kutosha. Niliondoka nikiwasamehe.

Nthenya aliposikia hakucheka. Akasema atanifundisha yeye, kuanzia darasa la nne, dakika arobaini kila jioni, kitabu kifungwe, aniulize, na nilichokosa turudie baada ya siku mbili. Nimemkatalia. Njia hiyo ni ya watu wasio na msingi.

Nimepitia kwa fundi Mutiso. Nimepimwa suruali ya kufanyia mtihani, nyeusi, yenye mikunjo miwili mbele. Ameniambia ana kazi nyingi, itachukua wiki tatu.

Nimemwambia achukue wakati wake. Kitu kilichobaki ni hiyo suruali.