Shamba Safi la Bibi Sengchan

Ofisi ya Uratibu wa Kumbukumbu za Vita ina furaha kuwatangazia manusura wote wa wilaya hii kwamba, kuanzia Jumatatu, wataruhusiwa kukumbuka.

Ndivyo lilivyoanza tangazo lililobandikwa kwenye nguzo za maghala ya mpunga pale kijijini Nadeng, na nguzo zenyewe, kama ilivyo kawaida huku mkoani Xieng Khouang, ni maganda ya mabomu yaliyosimamishwa wima. Gundi haikushika kwenye chuma. Bwana Bounkhong, Mratibu mwenyewe, aliagiza tangazo lifungwe kwa kamba, na changamoto hiyo ikaingizwa kwenye ripoti kama mafanikio.

Mradi ulikuwa wa picha shirikishi. Manivone, mpiga picha kutoka mji mkuu, Vientiane, alikuja na kamera ya miguu mitatu yenye waya mrefu na kitufe mwishoni. Manusura alichagua mwenyewe apigwe wapi, na nani, akiwa amekaaje; kisha akabonyeza kitufe mwenyewe na kuipa picha jina. Bwana Bounkhong aliupenda sana utaratibu huu. Aliona una upungufu mmoja tu: yeye hakuwemo.

Basi akatunga Mwongozo. Kifungu cha nne kilisema kwamba Mratibu atakuwemo katika kila picha na, ili ushirikishi uonekane, atasimama popote manusura atakapomwelekeza. Alikisoma kifungu hicho kwa sauti mara tatu, peke yake, akaridhika.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Mzee Khamphou, aliyetaka kupigwa kitandani, amekumbatia mguu wake wa mbao, na Mratibu akasimama kando ya kitanda akitabasamu.

"Mheshimiwa," alisema mzee, "mimi kwenye kitanda hiki napiga kelele usingizini mwaka wa hamsini huu. Wewe unachekelea nini?"

"Sichekelei, mzee wangu. Nashiriki."

Siku ya tatu ikawa zamu ya Bibi Sengchan, na hapa inabidi tuseme ukweli kwamba Ofisi na bibi huyu walikuwa wanafahamiana. Kila Januari alikwenda kujaza Fomu ya Athari za Kudumu, kuthibitisha kwamba vidole vya mkono wake wa kulia bado havijaota. Bwana Bounkhong aliukagua mkono kwa makini, akagonga muhuri, na kusema, "Bado. Haya, njoo tena mwakani." Na kila Januari bibi aliulizia shamba lake.

Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba. Huko ndiko jembe la mumewe lilipogonga kibomu cha ukubwa wa chungwa, miaka kumi baada ya vita kwisha, na huko ndiko yeye alipoacha vidole, kibomu cha pili kilipolipuka alipokimbia kumtoa. Tangu hapo halikulimwa. Alipanda vitunguu kwenye ganda la bomu mbele ya ngazi, mistari miwili, basi. Alichotaka ni kitu kimoja: wategua mabomu waje walisafishe.

Haikuwezekana, kwa sababu shamba lilikuwa safi. Miaka minne nyuma, gari la wategua mabomu lilipokwama kwenye matope na mwaka wa serikali ukiwa unakaribia kufungwa, Bwana Bounkhong alilikagua kwa njia ya kisasa: kwa darubini, kutoka barabarani. Hakuona bomu hata moja. Akatoa cheti.

"Shamba safi halisafishwi, bibi," alimweleza kwa upole kila mara. "Ukilisafisha tena utakuwa unaidharau Ofisi."

Siku hiyo ya picha alikuja Mama Phetsamay, mkubwa wa Bwana Bounkhong kutoka mkoani, na kijiji kizima kikakusanyika kwenye ua.

"Bibi yangu, umechagua wapi?" aliuliza Manivone.

"Shambani."

"Na Mheshimiwa asimame wapi?"

Bibi Sengchan alinyoosha mkono wenye vidole. "Katikati. Pale kwenye kichuguu. Ashike cheti."

Bwana Bounkhong alikohoa. Akasema jua ni kali. Mzee Khamphou akampa kofia. Akasema viatu vyake ni vya ofisini. Akaletewa mabuti. Akashauri kwamba, kwa ajili ya mandhari, ingependeza ng'ombe atangulie.

"Ng'ombe wangu hana cheti," alisema bibi.

Watu wakaangua kicheko. Mama Phetsamay hakucheka. "Mratibu, shamba si safi?"

"Ni safi kabisa, Mama."

"Basi nenda, mwanga unapotea."

Bibi akamwita Mratibu. Akatoa nyuzi nyeupe za pamba, akamfunga kifundo cha mkono, akinong'ona kuziita roho zake zote thelathini na mbili zikae mwilini, zisitawanyike.

"Unanifungia nini, bibi? Si nimesema ni salama?"

"Desturi tu, mwanangu. Siku ile mume wangu alitoka mapema, nikasema nitamfunga akirudi." Akakaza fundo kwa meno. "Najuta mpaka leo. Haya, nenda."

Bwana Bounkhong alipanda uzio wa mianzi. Mguu mmoja ukabaki uani. Wa pili ukavuka, ukashuka hadi kwenye ncha za nyasi, na hapo, kwa sababu za kiufundi, ukasimama. Alikaa hivyo, cheti mkononi, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Aliogopa. Hatuna namna rasmi ya kulisema hilo.

Kitufe kikalia mkononi mwa bibi.

"Bado hujafika katikati," alisema bibi. "Lakini inatosha."

"Kalamu," alisema Bwana Bounkhong kwa sauti nyembamba. "Naomba kalamu." Na palepale, amepanda uzio kama farasi, aligeuza cheti, akaandika kwa nyuma kwamba kimefutwa, akatia sahihi akiwa amekiegemeza kwenye goti lake mwenyewe.

Wategua mabomu walikuja mvua zilipokwisha. Walitoa vibomu kumi na kimoja. Cha kwanza kilikuwa chini ya uzio, mahali ambapo mguu ungetua.

Picha ilitundikwa Vientiane katikati ya ukumbi. Watu walipita mbele ya picha za vitanda na miguu ya mbao kimyakimya, wakafika hapo na kukaa muda mrefu. Bibi aliipa jina *Mratibu Anakumbuka*.

Januari ilipofika, Bibi Sengchan alikwenda ofisini na fungu la majani ya vitunguu vya shambani kwake. Aliweka mkono mezani kama kawaida. Bwana Bounkhong hakuukagua. Aligonga muhuri, akainamisha kichwa.

Nyuzi za namna ile huvaliwa siku tatu. Bibi aliziona kwenye mkono wa Mratibu, zimekuwa nyeusi kwa miezi saba.

"Hujafungua?"

"Nilijaribu, bibi. Nikifika kwenye fundo natetemeka. Na mguu, nikilala, bado unaning'inia."

Bibi Sengchan alimkagua kwa makini, kutoka mkononi hadi kiatuni.

"Bado," alisema. "Haya, njoo tena mwakani."